Pesa ya seremala ianzie kwenye biti

Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa mlango wa kabati jipya, pale fundi alipochonga urembo wa mviringo. Kwenye kazi safi kidole kinateleza kama kwenye kioo. Kwenye kabati nyingi tunazouziwa kando ya barabara, kidole kinakutana na mawimbi madogo madogo yaliyofuatana kama ngazi, kisha nyuzi zilizobambuka, na jicho likisogea karibu linaona madoa meusi ya kuungua ambayo msasa ulishindwa kuyamaliza, vanishi ya rangi nzito ikapakwa juu kuyafunika. Mteja hulaumu mbao, kwamba siku hizi hakuna mninga wa kweli. Jirani hulaumu fundi. Fundi naye hulaumu mashine yake, na akibahatika kupata kazi yenye faida, faida ile huiweka kwenye mashine kubwa zaidi. Lawama zote hizo zinampita kando mhusika mwenyewe, ambaye ni kipande cha chuma chenye urefu wa kidole kinachofungwa chini ya mashine, na mafundi hukiita biti. Hoja yangu ni kwamba seremala wetu hutumia pesa yake kinyumenyume. Hununua mashine kwa mtaji na biti kwa chenji, ilhali kinachogusa mbao ni biti peke yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama karakanani, ruta ninayoizungumzia haihusiani na ile ya intaneti. Ni mota ya umeme iliyosimamishwa wima juu ya bamba, ina mishikio miwili ya mikono, na chini yake kuna koleti, kijibomba kifupi chenye mikato kinachobana shina la biti nati inapokazwa. Mota hiyo huzunguka hadi mara 24,000 kwa dakika au zaidi. Biti ikishuka kwenye ubao huchimba mtaro, huchonga tundu la kuingizia ulimi, husawazisha ukingo, hutengeneza umbo la mviringo au la mawimbi kwenye fremu na kaunta. Kazi iliyokuwa ikihitaji randa tano za maumbo tofauti sasa hufanywa na mashine moja kwa kubadilisha biti tu. Ndiyo maana ruta imeenea kutoka Keko, Dar es Salaam, hadi Gikomba na vibanda vya Ngong Road jijini Nairobi. Lakini ukitazama kwa makini, mashine yenyewe haina umbo la kuchonga wala makali. Inazungusha tu. Umbo liko kwenye biti, na makali, na hata usalama kwa sehemu kubwa. Mota yenye nguvu zaidi ikifungiwa biti butu haitakata vizuri zaidi, itaunguza haraka zaidi.

Tuanze na kilichotengeneza makali, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Biti za madukani ni za aina mbili kuu. Kuna zilizochongwa zote kwa chuma kigumu ambacho kwenye paketi huandikwa HSS, na kuna ambazo mwili wake ni chuma lakini meno yake ni vipande vya kabaidi ya tungsteni vilivyounganishwa kwa kuchomelewa. Kabaidi hiyo ni punje ngumu mno za tungsteni na kaboni zilizoshikanishwa kwa kobalti, zikashindiliwa na kupikwa kwa joto kali. Hataza yake iliandikishwa Ujerumani mwaka 1923 na Karl Schröter, aliyekuwa akifanya kazi na watengenezaji wa taa za umeme, waliohitaji kitu kigumu cha kuvutia nyaya nyembamba za ndani ya balbu. Kampuni ya Krupp ilipoanza kuiuza miaka michache baadaye iliiita Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Jina hilo halikuwa la kujigamba bure. Chuma cha HSS kinanoleka kikawa kikali sana, pengine kikali kuliko kabaidi siku ya kwanza, na kwenye paina laini kinakata vizuri. Tatizo lake ni siku ya pili.

Na siku ya pili huja mapema kwetu kwa sababu ya mbao zetu zenyewe. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, unaokuzwa kwenye mashamba ya miti kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, hubeba ndani ya nyuzi zake chembe za silika, jiwe lile lile lililomo kwenye mchanga wa pwani. Kukata msaji ni kama kukata mbao iliyochanganywa na msasa. Mvule una tabia nyingine: mti ukijeruhiwa hujijengea ndani yake vijiwe vya chokaa, na fundi hawezi kuviona mpaka biti inapogonga na kutoa cheche. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mkongo ni mgumu na vumbi lake huwasha pua. Hata zile mbao zinazodhaniwa nyepesi zina adui wao: paina ya Sao Hill ina utomvu unaoganda kwenye meno ya biti na kuyafanya yateleze badala ya kukata, na bodi za MDF pamoja na plaiwudi zimejaa gundi iliyokauka, ambayo hula makali ya HSS haraka mno. Halafu tunamwona fundi wa kabati za jikoni, ambaye kazi yake tangu asubuhi hadi jioni ni MDF, akinunua biti ya HSS kwa sababu ni nafuu. Biti hiyo haikutengenezwa kwa kazi yake, na hakuna ustadi wa mkono utakaobadili jambo hilo.

Hebu tuisogelee kazi yenyewe kwa hesabu ndogo. Biti ya meno mawili ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, inapiga ubao mara 48,000 kwa dakika, yaani mara 800 kila sekunde. Fundi akiisukuma ruta kwa mwendo wa mita 3 kwa dakika, kila jino linachukua unyoya wa mbao wenye unene wa takriban sehemu 6 za mia za milimita. Huo ni unyoya kweli, jino linauinua na kuurusha, na joto linaondoka nao. Akipunguza mwendo hadi mita moja kwa dakika, kwa woga au kwa sababu biti imekuwa butu na haipiti, kila jino linachukua sehemu 2 tu za mia za milimita. Hapo jino halikati tena, linasugua. Msuguano huzaa joto, joto hulainisha chuma cha HSS na kuunguza mbao, ubutu unaongezeka, fundi anapunguza mwendo zaidi. Mduara huo ndio uliochora yale madoa meusi kwenye mlango wa kabati. Kwa hiyo fundi anayeonekana mzembe mara nyingi ni mtu anayesukuma kitu kisichokata, na anaongeza nguvu ya mabega pale palipohitaji makali. Wahenga waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakutaja ukubwa wa mkono wake.

Usuguaji huo una gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Biti kali hurusha vipande vinavyoonekana, ilhali biti butu husaga mbao ikawa unga mwembamba unaoelea hewani na kuingia kifuani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa inahitajika hata kwa biti mpya, sisemi vinginevyo. Lakini fundi anayevuta unga wa biti butu kutwa nzima katika kibanda kisicho na dirisha analipia ule unafuu wa dukani kwa mapafu yake.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni la haki: pesa haipo. Fundi anayelipwa nusu ya kazi kabla na nusu baada ya mteja kuridhika hawezi kuweka mtaji kwenye biti ghali. Jibu langu ni kwamba fundi huyo huyo hununua sanduku la biti kumi na mbili au kumi na tano kwa mkupuo, zimepangwa vizuri kwenye mbao yenye matundu, zinapendeza macho. Ukirudi baada ya mwaka, tatu au nne zimechakaa kabisa na nyingine bado zina rangi yake ya dukani, hazijawahi kugusa ubao. Amelipia maumbo ambayo wateja wake hawayaagizi. Chukua mfano wa hesabu tu: biti moja ya kabaidi ikigharimu mara nne ya ile ya bei ya chini, lakini ikakata mara kumi ya urefu kabla ya kuhitaji kunolewa, ipi iliyo nafuu? Na hapo bado hatujahesabu saa za kusugua madoa kwa msasa, wala ubao wa mninga ulioharibika ukingoni ukatupwa. Mtu mwenye pesa kidogo ndiye hasa asiyemudu kununua kitu kile kile kila mwezi. Anunue moja moja, kadiri kazi inavyodai, na kila moja iwe nzuri.

Ni zipi basi? Kwa karakana ya kawaida ya milango, vitanda na kabati, biti nne au tano zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni iliyonyooka, yenye upana wa milimita 12 hivi, ya kuchimba mitaro na matundu ya ndimi. Ya pili ni ile yenye beringi nchani, inayofuata kigezo kilichobandikwa chini ya ubao na kutoa vipande kumi vilivyo sawa kama mapacha, na biti hii ndiyo ningeisifia kuliko zote kwa fundi anayetengeneza viti vya seti. Kisha ya kuviringisha kingo, na ya kukata ngazi ya ukingoni inayopokea kioo au ubao wa nyuma wa kabati. Anayefanya kazi ya plaiwudi na bodi zenye karatasi ya urembo juu aongeze biti ya mzunguko, yenye makali yaliyojipinda kama parafujo. Ila hapa aulize vizuri dukani, kwa maana zipo zinazovuta vipande kwenda juu, ambazo husafisha mtaro lakini hunyanyua uso wa plaiwudi, na zipo zinazosukuma kwenda chini, ambazo huacha uso safi lakini mtaro hujaa vumbi. Urembo wa mawimbi na maumbo ya paneli vinunuliwe mteja anapoviagiza, na viingizwe kwenye bei yake.

Sasa shina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Biti zinazofika katika masoko yetu zinatoka nchi zenye vipimo tofauti: kuna robo inchi na nusu inchi, na kuna milimita 6, 8 na 12. Robo inchi ni milimita 6.35. Kwa macho, shina la milimita 6 na la robo ni kitu kimoja, na shina la 6 linaingia vizuri kwenye koleti ya robo, nati inakazwa, fundi anaona imeshika. Haijashika. Imebanwa sehemu tu, na mtetemo ukianza itashuka kidogo kidogo, mtaro uwe na kina kinachobadilika, au itachomoka. Ni vivyo hivyo kwa milimita 12 kwenye koleti ya nusu inchi, ambayo ni 12.7. Tofauti hizo za chini ya milimita moja haziwezi kuzibwa kwa karatasi wala kwa kukaza zaidi. Koleti ya kipimo sahihi haikwepeki. Na anayeweza kuchagua achague shina nene, kwa sababu ukakamavu wa fimbo ya chuma hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: shina la nusu inchi lina ukakamavu mara 16 ya lile la robo lenye urefu sawa. Mawimbi yale madogo kwenye ukingo wa kabati aghalabu ni shina jembamba lililokuwa likitikisika. Wakati wa kufunga, biti iingizwe mpaka chini kisha irudishwe juu milimita 2 au 3, kwani koleti inapokazwa huivuta biti chini, na kama imekwisha kugota haitabanwa sawasawa. Shina lote lisibaki nje kwa kutafuta kina. Kina hutafutwa kwa awamu: mtaro wa milimita 12 kwa biti ya milimita 6 upitishwe mara nne, milimita 3 kila mara.

Kuna jambo moja ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila karakana. Mwendo wa mashine si mwendo wa makali. Biti yenye kipenyo cha milimita 12 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, ncha ya jino lake husafiri takriban mita 15 kwa sekunde, sawa na daladala iliyo kwenye kilomita 54 kwa saa. Badilisha tu biti, weka ile pana ya kuchonga paneli za milango yenye milimita 75, usiguse swichi ya mwendo. Sasa ncha ya jino inakwenda mita 94 kwa sekunde, karibu kilomita 340 kwa saa, na kinachozuia kipande cha kabaidi kisiruke ni mchomeleo mwembamba wenye rangi ya shaba. Nguvu inayovuta kipande hicho kwenda nje hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo ukipunguza mzunguko hadi 12,000 nguvu hiyo hushuka hadi robo. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kwamba biti zisizozidi milimita 25 zinaweza kwenda mwendo kamili, na kadiri biti inavyopanuka mwendo unashushwa, mpaka zile za zaidi ya milimita 65 zisizidi 12,000 hivi, tena zikiwa zimefungwa kwenye ruta iliyowekwa chini ya meza, si mkononi. Ruta ndogo isiyo na kirekebisha mwendo haina biashara yoyote na biti pana, hata kama shina lake linaingia.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hahitaji hesabu hizi, mkono wake unajua. Uzoefu naustahi, na kuna mambo ambayo ni mkono tu unaoyajua: sauti ya mota inapolemewa, harufu ya mbao kabla haijaungua. Hata hivyo mkono hauwezi kuhisi mita 94 kwa sekunde. Hauwezi kutofautisha 6 na 6.35. Tena mambo ambayo mkono ungeyajua haraka hufundishwa nusu nusu kwa mwanagenzi. Mfano ni upande wa kusukumia: biti huzunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, kwa hiyo ukingo wa nje wa ubao huzungukwa kinyume cha saa, na ukingo wa ndani wa fremu huzungukwa kwa mwendo wa saa, ili jino likutane na mbao na kusukumana nayo. Anayekwenda upande mwingine biti humkimbiza, ruta inamtoka, na ubao unaweza kumrukia. Hilo linaelezeka kwa dakika mbili. Kijana asipoelezwa hilo siku ya kwanza, atajifunza kwa vidole.

Pingamizi zito zaidi, kwa mtazamo wangu, linatoka pwani. Kuna wanaoona ruta yenyewe ni hasara, kwamba imewafanya watu wasahau patasi, na kwamba mlango uliochongwa kwa biti ni aibu mbele ya milango ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji ambayo UNESCO imeiingiza kwenye urithi wa dunia. Wanayo hoja. Nakshi ya mlango wa Kizanzibari, yenye maua na minyororo iliyochimbwa kwa kina tofauti, haitoki kwenye biti ya dukani. Upo hata mpaka wa kimaumbile: biti ni duara, kwa hiyo kila kona ya ndani inayoiacha ni ya mviringo, na anayetaka kona mraba lazima ashike patasi aimalizie. Ila watu hao hao wamwangalie mchongaji nakshi anavyoweka zana zake. Nyundo yake ni kipande cha mti tu, ikivunjika anachonga nyingine. Patasi zake ndizo anazozihesabu jioni, anazozinoa kabla ya kazi, asizomkopesha mtu. Hakuna mchongaji anayesifia nyundo. Utamaduni wetu wa useremala umejua siku zote kwamba thamani iko kwenye makali, na umeme ulipoingia ndipo tukaanza kusifia nyundo. Ninachokidai kwa fundi wa ruta ni kwamba arudi kwenye desturi ya mchongaji nakshi.

Na kurudi huko kunaonekana zaidi kwenye utunzaji. Ingia karakana yoyote uulizie biti, mara nyingi litaletwa kopo la maziwa ya unga lenye misumari, parafujo na biti zikigongana humo. Kabaidi ni ngumu lakini haipindi, inakatika kama kigae. Biti ikidondoka mara moja kwenye sakafu ya saruji, au ikigongwa na msumari ndani ya kopo, makali yake hupata mapengo madogo yasiyoonekana kirahisi, na kila pengo litaacha mstari kwenye kila ubao. Ubao mmoja wenye matundu ya keekee unatosha kuwa nyumba ya biti zote. Utomvu na gundi vitolewe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, biti ikauke kabla ya kurudishwa kwenye mashine, na kitambaa kiwekwe mbali na cheche. Kujua kama biti imekuwa butu hakuhitaji chombo: igeuze chini ya mwanga wa jua, makali yaliyo sawa hayaonekani, makali butu yanang'aa mstari mweupe mwembamba. Kwa HSS jiwe la kawaida la kunolea linatosha. Kabaidi hunolewa kwa jiwe lenye unga wa almasi, kwenye uso bapa wa ndani wa jino tu, kamwe si mgongoni, na kila jino lipewe misuguo idadi ile ile ili biti isipoteze mizani. Jino lililovunjika haliponi. Biti hiyo itupwe, wala isiuzwe kwa fundi mwingine.

Inasemwa pia kwamba hata fundi akitaka biti nzuri, maduka ya Kariakoo au ya mitaa ya vifaa jijini Nairobi hayana nyingi. Muuza duka huleta kinachoulizwa, na kwa miaka kilichoulizwa ni bei. Hapo walimu wana nafasi kubwa kuliko wafanyabiashara. Mwanafunzi wa useremala katika vyuo vya VETA nchini Tanzania, au anayesomea ufundi katika vyuo vya Kenya, apimwe kwa kuchagua biti, kuifunga na kuinoa kama anavyopimwa kwa kuunga ulimi na tundu. Na mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, yachukue mfano kutoka Ulaya, ambako kiwango cha EN 847-1 cha zana za kukatia mbao kinamtaka mtengenezaji aonyeshe mzunguko wa juu ambao biti inaruhusiwa kwenda. Kwenye biti za namna hiyo utaukuta umechorwa shinani, herufi n na neno max, kisha tarakimu. Ni alama ndogo kuliko punje ya mchele, nayo ina maana kwamba kuna mtu aliyeipima biti ile na yuko tayari kuwajibika.

Mteja pia asikae pembeni. Anayeagiza mlango wa mninga kwa pesa nyingi ana haki ya kuuliza utachongwa kwa biti gani, na fundi aliyenunua nzuri atafurahi kuulizwa. Lakini neno langu la mwisho ni kwa seremala anayesimama kaunta wiki hii, pesa mkononi, biti pana ya paneli mbele yake. Kaka, igeuze kwenye mwanga. Tazama kama meno yote mawili yana unene sawa na kama mchomeleo umejaa bila matundu. Pima shina lake kwa kalipa, kama muuzaji hana basi nenda na koleti yako mfukoni. Kisha tafuta mzunguko wa juu, shinani au kwenye kasha. Usipoukuta umeandikwa popote, irudishe kaunta.